Upande wa Kujibu

Siku ile tulikuwa watu watano katika chumba kimoja. Mimi, mkubwa, niliyeketi sakafuni na mashine mbele ya magoti. Mdogo wangu wa kiume, mwenye gitaa, juu ya kitanda, kwa sababu kiti chetu kilikuwa kinalia kila akijigeuza. Mdogo wetu wa mwisho, msichana wa darasa la nane, dirishani, kazi yake kuwafukuza kunguru. Fundi redio, aliyekuja na waya zake na maneno yake mengi. Na mama mwenye nyumba, kwenye kizingiti, akisuka ukili wa mkeka, mguu mmoja ndani na mmoja nje, maana hakupenda kuingia chumba cha wapangaji kama anakagua. Ikiwa mtu aweza kuhesabiwa kwa sauti peke yake, basi alikuwapo wa sita: mume wa huyo mama, aliyefariki Uarabuni miaka minne kabla ya siku hiyo. Alikuwa ndani ya kaseti. Jua lilipotua hakuwamo tena, na sisi ndio tuliomtoa.

Tulikuwa tunakaa Ukunda, vyumba viwili vya uani. Baba yetu alitoka Mackinnon Road akiwa kijana, akaja pwani kupika katika hoteli za Diani. Alikufa yeye kwanza, kisha mama, kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule muhula uleule nikaingia kazi ya dobi katika hoteli moja, kufua na kupiga pasi mashuka ya wageni. Ndugu za baba walikuja matangani, na siku ya tatu wakaanza kutugawa: mvulana aende huku, mdogo aende kule, mimi nitafutiwe mume. Nikasema hatugawanywi. Hawakunisikiliza. Aliyesikilizwa ni mama mwenye nyumba, Mdigo, Mwislamu, ambaye mpaka siku hiyo tulijuana naye kwa salamu na kodi tu. Alisimama mlangoni na buibui lake akawaambia, "Hawa wana kwao, baba zangu. Kwao ni hapa." Wakaondoka kesho yake.

Mumewe alikuwa dereva wa gari la maji huko Uarabuni. Miaka hiyo watu waliokwenda kule hawakuandika barua sana, walituma kaseti. Mtu alikaa na redio yake akazungumza upande mmoja mpaka ukaisha, na upande wa pili akauacha mtupu. Huo ulikuwa wa kujibu. Kaseti ililetwa na msafiri, mke akasikiliza, akazungumza upande wake, kisha akamtafuta msafiri wa kuirudisha. Kaseti moja iliweza kwenda na kurudi hivyo mwaka mzima, maneno mapya yakifuta ya zamani.

Kaseti yake ya mwisho ililetwa na mtu wa Msambweni. Nusu saa kamili, upande mmoja. Mama mwenye nyumba alikuwa bado anayapanga maneno yake ya kujibu wakati habari ya kifo ilipofika kwa simu ya dukani. Basi hakujibu. Kila Alhamisi baada ya Magharibi aliitia ile kaseti katika redio yake ndogo akaisikiliza yote. Kuta za nyumba ile hazikufika paani, sauti ilipanda juu ya ukuta ikatushukia. Tulimsikia yule mzee akisalimia jamaa mmoja mmoja kwa jina, akiulizia mbuzi, akilalamikia joto, akicheka peke yake mahali fulani katikati. Hatukuwahi kumwona, ila tulijua anavyokohoa.

Sasa nieleze kwa nini tulihitaji mashine.

Ulikuwa mwaka uliofuata zile fujo za pwani, za kuwafukuza watu wa bara, na ile mvua kubwa iliyokata barabara. Wageni walikuwa wameacha kuja. Hoteli moja baada ya nyingine ilifunga geti ikaacha askari mmoja na mbwa. Kazi yangu ya dobi ilipunguzwa ikawa siku tatu kwa wiki, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa anamaliza darasa la nane. Mdogo wangu wa kiume hakuwa na kazi. Alichokuwa nacho ni gitaa, na mkono mwepesi ambao hata waliokuwa hawampendi kanisani waliukubali. Hoteli moja iliyobaki wazi ilikuwa imeiachisha kazi bendi yake nzima na ilitaka mtu mmoja tu, wa gitaa na kuimba, jioni. Anayetaka alete kaseti yenye nyimbo nne, mwisho Jumamosi ya wiki ya pili. Mwenye hoteli alikuwa Ulaya, na angechagua kwa kusikiliza huko huko. Akipata, mdogo wetu ataenda sekondari. Asipopata, nilikuwa nimekwisha kufikiri barua nitakayowaandikia ndugu za baba, kwamba waje wachukue kila mmoja wake.

Ndiyo maana nilichukua akiba yangu yote ya dobi nikaanza kutafuta chombo cha kurekodia.

Kwanza nilikwenda kwa fundi redio, mtu wa bara aliyekuwa na kibanda karibu na stesheni ya mafuta. Alikuwa na redio-kaseti kubwa, ya milango miwili, yenye tundu la kipaza sauti.

"Siste, hii ni mashine ya kazi," aliniambia. "Si ya kupamba kabati."

"Tuijaribu kwanza."

"Jaribu. Si bibi arusi huyu, anaguswa."

Mdogo wangu akapiga wimbo mmoja. Tuliposikiliza, gitaa lilikuwa kama linapumua. Alipopiga kwa nguvu, sauti ilijibana. Aliponyamaza kidogo, redio ilijiongeza yenyewe, ikaleta ndani ya wimbo mashine ya kusaga unga ya ng'ambo ya barabara, na mama mmoja akiuliza bei ya vitunguu.

"Inajiongeza," nikasema.

"Hiyo ni akili yake, siste. Ikiona kimya inatega sikio."

"Na nikitaka isitege?"

"Basi msinyamaze." Akacheka mpaka bisibisi ikamtoka mkononi.

Jumatatu nilivuka feri nikaenda mjini Mombasa. Katika duka moja niliona kinachotumiwa na watu wenye kazi hiyo: kisanduku cha kuchanganyia sauti, na mashine nzito ya kaseti chini yake, vyote ndani ya kioo. Mwenye duka alinitazama viatu, akaniambia bei bila kufungua kioo. Akiba yangu ilikuwa haijafika hata kwa kisanduku. Nikamwambia ahsante nikarudi.

Chombo cha tatu kilitoka pale pale nilipokuwa nafanya kazi. Kulikuwa na mwanamuziki Mzungu, Mjerumani, aliyekuwa akipiga piano kwenye baa ya hoteli yetu. Niliyajua mashati yake kabla sijamjua yeye. Mkataba wake ulikuwa umevunjwa, anarudi kwao, na alikuwa anauza vitu. Miongoni mwavyo mlikuwa na mashine ya kaseti pana kama kitabu cha Biblia kilichofunguliwa, yenye vishikio vinne vya kusukuma juu na chini. Alinieleza kwa Kiswahili cha hotelini na kwa vidole. Kaseti yake ni hii ya kawaida, lakini ina njia nne. Unarekodi gitaa njia ya kwanza. Unarudisha nyuma, unalisikiliza, na huku unarekodi gitaa la pili njia ya pili. Kisha mwimbaji njia ya tatu. Kisha mwingine, ya nne. Mwimbaji akikosea, unafuta njia yake peke yake, gitaa halijui lolote.

Hilo ndilo lililonishika. Sisi tulikuwa watu wa kukosea mara nyingi na kurudia, na hii ilikuwa mashine ambayo ukikosea leo, kizuri cha jana kinabaki. Nililala siku mbili nikilinganisha. Redio ya fundi ilikuwa rahisi zaidi, na ungeiuza tena kwa mtu yeyote. Hii ya Mjerumani, nani angeinunua kwangu Ukunda? Lakini nilikuwa nimesikia gitaa la ndugu yangu likipumua kama mgonjwa, na sikutaka mwenye hoteli alisikie hivyo. Nikalipa. Mjerumani akanipa na waya mbili, kipaza sauti kimoja, kaseti moja nzuri ya aina aliyosema lazima itumike, na kijitabu cha maelekezo cha Kijerumani.

Kijitabu hicho nilikisoma picha. Kulikuwa na mchoro wa kaseti yenye mshale mmoja, na pembeni kaseti nyingine iliyogeuzwa, imepigwa mstari mwekundu wa msalaba. Nikaelewa kwamba wanatuonya tusiitie kichwa chini. Nikamwonyesha mdogo wangu. Naye akaelewa hivyo hivyo.

Siku nne alijifunza juu ya kaseti ile moja. Alhamisi ya wiki ile ya pili, mchana, stima ikakatika katikati ya wimbo, na iliporudi mashine ilikuwa imeimeza kaseti, utepe umejizungusha ndani kama nywele kwenye kitana. Tuliutoa vipande vipande. Kwenye maduka ya Ukunda kulikuwa na kaseti za bei ndogo tu, na fundi alipoitia moja mashineni ikatoa mvumo kama mvua kwenye mabati. Kuvuka tena mjini kulihitaji siku nzima na nauli, na Ijumaa ndiyo siku pekee tuliyokuwa nayo.

Ijumaa asubuhi nilimwendea mama mwenye nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekuwa mdogo?"

Nilimwambia. Niliuliza kama katika kasha lake la kaseti, zile zilizotoka Uarabuni, hamna moja isiyo na kazi. Nilijua alikuwa na nyingi, nazo ni za aina nzuri. Alilifungua kasha akazipitia.

"Hizi ni za Kurani. Siwezi kukupa ufute."

"La, mama. Hizo hapana."

"Hizi kasida. Hii ya harusi ya dada yangu." Akafika ya mwisho, akaishika. Nikaitambua kwa karatasi yake ya kijani. "Hii ina upande mtupu."

"Mama, hiyo hapana."

"Upande mtupu nasema. Wa kwangu, ule wa kujibu. Nimjibu nani sasa?" Akaipangusa kwa leso. "Mwana atafute riziki. Ila angalieni upande. Huku kuna mtu."

Akaonyesha kwa kidole. Nami nikachukua kalamu nikaweka alama ya msalaba upande ule wenye mtu, mbele yake, ili tusikosee. Nilikuwa na hakika kabisa. Naona vigumu kuwaeleza watu jinsi nilivyokuwa na hakika.

Tulianza baada ya watu kutoka msikitini. Mdogo wa mwisho akashika zamu yake dirishani na fimbo. Fundi aliweka waya, akajaribu, akatutania kwamba studio yetu ndiyo ya kwanza pwani yenye harufu ya dagaa. Mama mwenye nyumba akaja na ukili wake.

"Imbeni wowote," akasema, "ila ule wa kila siku nimeuchoka. Hata kuku wangu wanaujua."

"Basi tutawapa kuku waitikie, mama," mdogo wangu akasema.

Alipiga magitaa yote kwanza, nyimbo zote nne, njia ya kwanza na ya pili. Tuliona kwamba mashine inaila kaseti upesi, kaseti ya saa nzima ikawa ya robo saa tu, lakini nyimbo nne zilienea. Kisha tukarudisha nyuma tusikilize. Mdogo wangu akavisukuma juu vishikio vyote vinne.

Gitaa lilitoka safi. Sijawahi kulisikia hivyo, hata yeye alijitazama mikono. Lakini chini ya gitaa kulikuwa na kitu kingine, chembamba, cha haraka, kinapanda na kushuka, kama ndege wanaogombania punje.

"Kunguru hao?" nikauliza.

"Mimi kwangu hakuna kunguru," mdogo wa mwisho akajibu toka dirishani.

Mama mwenye nyumba aliacha kusuka akainua kichwa. "Ndege gani hao?" akasema, akacheka. "Wazuri."

"Ni stesheni," fundi akasema. "Waya zenu ndefu, zinashika redio ya watu. Shusheni hivyo viwili vya mwisho."

Nikavishusha mimi. Ndege wakanyamaza.

Mdogo wangu akaimba, njia ya tatu, wimbo baada ya wimbo, na baada ya kila mmoja tulizima kurekodi kidogo, utepe ukiendelea kwenda, ili anywe maji. Aliimba vizuri kuliko nilivyotarajia. Alipomaliza wa nne akasema, "Inatosha. Nne tuiache tupu. Wimbo usijae sana."

Mimi nikakataa. Nilimwambia nimelipia njia nne, hatutaiacha moja ikae bure wakati mdogo wetu ana sauti. Nilisema kwa ukali kidogo. Akatazama chini, akasema sawa, dada. Basi mdogo wa mwisho akaweka fimbo chini, akaja kwenye kipaza sauti, akaitikia nyimbo zote nne, tukizima mahali pale pale. Njia ya nne ikajaa.

Fundi akahamisha zote nne zikiwa pamoja kwenye kaseti ya kawaida, kwa redio yake. Hiyo ndiyo iliyokwenda hotelini. Ile ya mama niliirudisha jioni ile ile, kwa mikono miwili, ndani ya kasha lake.

"Mmemaliza? Na iwe heri," akasema.

Alhamisi iliyofuata, baada ya Magharibi, tulikuwa tunakula. Tukasikia kitufe cha redio yake kikibonyezwa. Kisha ikaja juu ya ukuta sauti ambayo siwezi kuilinganisha na kitu. Nzito, ya kuburuta, kama mtu anayezungumza amezikwa hadi shingoni. Ikakatwa. Ikaanza tena. Ikakatwa.

"Mwanangu," akaita. "Hebu njoo. Redio yangu imeingiwa."

Nilidhani ni redio. Yeye pia. Mdogo wangu alimkimbilia fundi. Fundi akaifungua redio, akapangusa kichwa kinachosoma utepe kwa spiriti, akaitia kaseti ya kasida. Kasida ikaimba vizuri. Akaitia tena ile ya karatasi ya kijani. Akasikiliza, akaigeuza upande wa pili, akasikiliza, akaigeuza tena. Ndipo alipoacha utani wake, na tangu hapo sikumsikia tena akitutania.

"Siste," akasema, "hii ndiyo mliyorekodia?"

"Upande mwingine. Si huo."

Aliizima redio, akatueleza taratibu, akimwelekea mama. Utepe wa kaseti, alisema, ni kama ile barabara kuu ya Nairobi. Redio ya kawaida inatumia nusu ya barabara kwa kwenda na nusu kwa kurudi. Nusu ya kwenda ndiyo upande mmoja, ya kurudi ndiyo wa pili. Mashine yetu haina kurudi. Inachukua barabara nzima, njia zote nne, kwenda tu. Njia ya kwanza na ya pili zilipita upande mtupu. Ya tatu na ya nne zilipita juu ya mzee.

"Wale ndege," mdogo wa mwisho akasema.

Fundi akatikisa kichwa kukubali. "Alikuwa anasikika kinyume, na haraka mara mbili. Mimi ndiye niliyesema stesheni." Kisha akasema lile ambalo angeweza kuniachia. "Mngeacha njia moja, hata hiyo ya nne tu, ningemtoa. Angekuwa mwembamba, lakini angekuwapo."

Mdogo wangu hakunitazama. Nilitamani anitazame.

Mama mwenye nyumba hakulia mbele yetu. Alisema tu, "Hebu iache iende mpaka mwisho." Tukakaa naye nusu saa ile tukisikiliza nyimbo zetu zikiburutwa kinyumenyume. Na pale, kati ya wimbo na wimbo, mahali tulipokuwa tukizima kurekodi ili ndugu yangu anywe maji, akatokea. Sauti yake mwenyewe, safi kabisa. "…hata maji ya bomba yanaunguza, mke wangu, usi…" Kisha ule mzigo ukarudi. Akatokea mara ya pili: "…mwambie asiuze ule…" Mara ya tatu alikohoa tu. Vipande vitatu, kila kimoja kirefu kama mtu kupiga funda moja la maji.

Tulijaribu kumrudisha kwa njia tuliyoiweza. Kwa kuwa tulikuwa tumemsikia kila Alhamisi kwa miaka, nilinunua daftari, nikakaa na wadogo zangu tukaandika kila tulichokumbuka, salamu kwa salamu. Tulibishana sana. Asiuze ule nini? Mimi nilisema mnazi, mdogo wangu alisema ulikuwa mzinga wa nyuki, wa mwisho alisema ni mlango, mlango wa zamani wa baba yao. Mambo tuliyoyasikia mara mia mbili, na hatukuwa na hakika nayo. Tulipojaza kurasa sita nilimpelekea, na kwa kuwa yeye alisoma herufi za Kiarabu tu, mdogo wetu akamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

"Mmeandika vizuri," akasema. "Lakini yeye hakusema hivyo."

Kazi mdogo wangu aliipata. Barua ilikuja wiki ya tatu. Mwenye hoteli alizipenda nyimbo zile nne, hivyo ndivyo meneja alivyotuambia, akataka zipigwe kila jioni kama zilivyo kwenye kaseti. Ndugu yangu alizipiga miaka miwili na kitu. Alikuwa akirudi nyumbani hazungumzi, na nyumbani gitaa hakulitoa tena katika mfuko. Mdogo wetu alikwenda sekondari kwa mshahara ule. Hakuna aliyegawanywa. Yote niliyokuwa nayataka niliyapata.

Nami kila Alhamisi nilimsikia mama mwenye nyumba, upande wa pili wa ukuta, akiiacha ile kaseti iende yote. Nusu saa ya sisi, ili apate vile vipande vitatu. Fundi alijitolea kuvikata avihamishie kaseti nyingine, avipate mfululizo bila kungoja. Akakataa. Alisema amekwisha kuizoea njia ya kufika.

Mashine niliiuza kwa hasara kwa mtu wa kwaya. Fedha zile nilizifunga kwenye leso mpya nikampelekea. Nilipiga magoti, jambo ambalo kwetu si desturi na kwao pia si desturi, nikamwambia kwamba najua hiki hakilipi kitu, lakini aseme yeye kinacholipa, nitafanya, hata kiwe nini. Leso akaichukua. Fedha akanirudishia kiganjani akanifunga vidole.

"Nunua sare za mtoto," akasema. "Deni ni deni, sikwambii halipo. Nimelitazama, sijaona bado linalipwa kwa nini. Nikiona nitakudai."

"Utanidai kweli, mama?"

"Nitakudai. Mimi si mtu wa kuona haya."

Baadaye miguu ilimsumbua, binti yake akamchukua Vanga. Nyumba ikauzwa, sisi tukahamia Msambweni. Nakwenda kumsalimia kila baada ya Idi, na barabara ya kule ikiwa mbaya nakwenda vilevile. Ananipikia wali wa nazi, ananiuliza ndugu yangu ameoa au bado anachagua, ananisema kwa kukonda. Hunionyesha mikeka aliyosuka. Sijamsikia akiutaja mchana ule, wala sijamsikia akijifanya haukuwapo.

Safari ya mwisho nilikaa mpaka binti yake akaja kuniambia gari linaondoka. Nilimbusu mkono, nikasimama, nikarudi tena nikainama sikioni mwake, maana siku hizi hasikii vizuri.

"Mama, lile deni langu. Umeona?"

Alifikiri. Alifikiri hasa, kama mtu anayetafuta kitu kwenye kasha.

"Bado," akasema. "Nenda mwanangu, gari litakuacha."